Jumamosi za Mzee wa Panya

Alikuwa na chupa ndogo ya maji ambayo haikumwacha hata siku moja, na maji yale hakuyanywa. Kila asubuhi na kila jioni alivuta pampu yake ya pumu mara mbili, akashika pumzi huku amefumba macho kama mtu anayejaribu kukumbuka namba ya simu, kisha akafungua chupa, akajaza kinywa, akasukutua kwa kishindo na kutema. Alifanya hivyo popote saa ilipomkuta. Nimemwona akisukutua matangani, katikati ya hotuba ya chifu. Aligeuka kidogo tu, akatema nyuma ya hema kwa adabu, akarudi kusikiliza. Wageni walidhani ni mambo ya dhehebu fulani. Mama mmoja wa Kendu Bay aliwahi kuniuliza pembeni ni kanisa gani hilo ambalo watu wake husafisha ulimi kabla ya kusalimiana.

Sababu aliieleza kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza. Ndani ya pampu ile mna steroidi, homoni ya kutengenezwa inayofanana na ile ambayo mwili hujitengenezea wenyewe wakati wa hofu na taabu. Inafungua kifua vizuri sana. Lakini ikisalia ulimini inawalaza walinzi wa kinywa, na kuvu ambayo siku zote hukaa humo bila fujo huanza kuota, nyeupe kama maziwa yaliyoganda.

"Mimi nimefungua midomo ya panya wengi," alikuwa akisema. "Sitaki mtu afungue wangu akute hayo hayo."

Sisi wafanyakazi tulimwita Mzee wa Panya. Wanafunzi walimwita Japuonj, yaani mwalimu, ingawa hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa fundi wa maabara aliyepewa nyumba ya wanyama aitunze, katika chuo kidogo pembeni mwa mji wa Homa Bay. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye madirisha ya wavu, rafu mbili za vizimba, na harufu ya maranda na mkojo ambayo baada ya wiki moja huisikii tena. Nilifika pale nikiwa na miaka thelathini na kitu. Nilikuwa nimetoka Masara kuchimba dhahabu ambayo ilionekana kwa wengine tu. Kabla ya Masara nilichuuza omena, dagaa wa ziwani, na kabla ya omena sikumbuki vizuri. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Aliniangalia, akauliza swali moja tu, kama naogopa panya. Nikajibu kwamba panya ndio wananiogopa mimi. Akasema basi sitafaa, maana panya mwenye hofu ni panya aliyeharibika. Halafu akanipa ufagio.

Nilikaa naye karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko niliokaa mahali pengine popote. Na kwa miaka mingi baada ya kuondoka nilitembea na jambo moja ambalo yeye hakulijua: kwamba rafiki yake mkubwa, jirani mwenye kinu cha kusaga mahindi, hakuwa na hatia katika kosa lililowafarakanisha. Mwenye hatia nilikuwa mimi. Nitafika huko. Kwanza nimweleze mtu huyu alivyokuwa, maana bila hivyo hakuna atakayeelewa kwa nini kosa lenyewe lilimchoma vile.

Katika chumba cha panya tuliingia bila viatu. Mlango tuligonga kwa kidole kimoja, hata kama ndani hakuna mtu, ili panya wajue tunakuja. Kupiga mluzi ilikuwa marufuku. Manukato marufuku. Mwanafunzi aliyekuwa na paka nyumbani alibadilisha shati kwanza. Yeye mwenyewe aliingia akivuma wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, wimbo ule ule kila siku, na nilishuhudia kwa macho yangu vipua vya waridi vikijitokeza kwenye maranda kumngojea. Mwanafunzi mmoja wa mjini alipocheka, mzee alimweka kizimba mbele na kumwambia kwa upole uliotisha kuliko ukali:

"Ukimtisha panya, umemdunga sindano ambayo hukuiandika kwenye daftari."

Maana yake ni hii. Panya akiogopa, mwili wake humwaga homoni ile ile ya taabu. Kwa hiyo ukitaka kujua dawa inafanya nini, lazima panya wasiopewa dawa wawe na amani kamili. La sivyo, nao wamepewa, na aliyewapa ni kelele au mkono wako.

Somo lake lililompa sifa lilikuwa la vizimba viwili. Panya wa kizimba cha kwanza aliwadunga steroidi chini ya ngozi. Wa kizimba cha pili aliwadunga maji ya chumvi tu, sindano ya ukubwa ule ule, ili maumivu yawe sawa. Kisha wote walidondoshewa ulimini tone moja la kuvu, ndugu yake hamira. Siku chache za mwanzo wanafunzi waliitwa kuangalia. Panya wa steroidi walikuwa wametulia, wanono, ngozi haina wekundu, hakuna uvimbe. Wale wa maji ya chumvi wengine walikuwa wamekunja mgongo kidogo, midomo imewaka. Mzee aliuliza nani mgonjwa, na kila darasa, kila mwaka, lilijibu vibaya. Hakuwasahihisha. Aliandika ubaoni WA KWANZA WAMEPONA kwa herufi kubwa, akaliacha jibu lao hapo liwatazame.

Wiki iliyofuata wa kizimba cha pili walikuwa wanakimbizana, kuvu imeisha. Wa kwanza ndimi zao zilikuwa nyeupe, na alipowapasua akaonyesha figo kwa hadubini, kuvu ilikuwa imeshatambaa mpaka huko. Hapo ndipo alipoeleza habari ya shamba la mtama.

"Homoni haileti ndege shambani," alisema. "Ndege wako huko siku zote. Inampeleka tu mlinzi kulala. Na shamba ambalo mlinzi amelala halina kelele, ukipita barabarani unasema, aa, hapa kuna amani."

Kisha akafuta ubao na kuandika maneno aliyoyapenda kuliko yote: Panya akinyamaza, mkague mara mbili.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Alikataza chakula ndani ya maabara na mfuko wa koti lake jeupe ulikuwa umejaa njugu. Tulijua alipo kwa kufuata maganda. Kwa panya alikuwa na sauti ya mama anayebembeleza, kwa binadamu aliongea kama karani aliyeamshwa usingizini. Panya wa kuuawa aliwaua mwenyewe, haraka, bila kumwachia mwanafunzi anayetetemeka, na kabla ya kufanya hivyo alivua kofia. Lakini kuku wa Krismasi hakuthubutu kumchinja, alimwita mke wake. Alisema vibaya habari za steroidi tangu asubuhi hadi jioni, kisha akaivuta mara mbili na kusukutua. Nilipomtania kuhusu hilo alisema hana ugomvi na panga. Panga ni kitu kizuri. Ugomvi wake ni na mtu anayelichokolea meno.

Wachokoa meno walikuwa wengi. Madukani Homa Bay na Migori ziliuzwa tyubu za krimu za kila rangi, nyingine zimevuka mpaka kutoka Tanzania, na watu walizipaka kwa choa, kwa mapunye ya watoto, kwa chunusi, kwa kung'arisha uso wa bibi harusi. Alipoona tyubu aliipindua asome maandishi madogo mgongoni, na akiliona jina la steroidi alitoa mguno kama aliyekanyaga mwiba. Mara moja kikundi cha akina mama huko Kendu Bay kilimwalika aongee juu ya usafi. Wao walitegemea habari za kunawa mikono. Yeye alisimama na kueleza jinsi panya wa kike anavyopata kuvu sehemu zake za siri akiwa kwenye joto la kutaka dume, au akidungwa homoni ya kike, na joto likipita kuvu nayo inapungua. Kwa hiyo, alisema, mwanamke mjamzito anayewashwa si mchafu wala hajatoka nje ya ndoa, ni homoni. Aliongea kama anaeleza bei ya sukari. Mke wa mchungaji alitazama viatu vyake mpaka mwisho. Lakini mkutano ulipofungwa foleni ya akina mama waliotaka kumwona faraghani ilizunguka kanisa, na mke wa mchungaji alikuwa wa nne.

Sasa jirani. Ua wa nyuma wa chuo ulipakana na banda la kinu cha kusaga, na mwenye kinu alikuwa mwanamume mfupi mwenye nyusi nyeupe kwa unga siku zote. Saa nne asubuhi alizima injini, foleni inune itakavyo, na Mzee wa Panya alipita kwenye pengo la ua kwenda kunywa chai naye. Waliketi juu ya jiwe moja refu mlangoni mwa banda. Mwenye kinu alimwekea bati la unga uliofagiwa sakafuni, chakula cha panya, na hakuacha kumchokoza.

"Omera," alimwambia, ndivyo marafiki wanavyoitana kwa Kijaluo, "mimi nafukuza panya, wewe unafuga panya. Mmoja wetu shule ilimpoteza."

"Shule gani? Wewe uliishia mlangoni."

"Niliona wewe uko ndani, nikarudi."

Ndivyo walivyopendana. Jumapili mchana walicheza ajua, mchezo wa mashimo na kokoto, na kudanganyana waziwazi. Jumamosi hawakuonana, maana mwenye kinu alikuwa Msabato wa kweli. Siku hiyo injini haikuwashwa hata kwa ajili ya sherehe ya mkwe.

Kisha ukaja mwezi ule. Chuo kilitangaza kwamba wageni watakuja kutoka Nairobi kuamua kama nyumba ya wanyama ijengwe upya au ifungwe, na Mzee wa Panya aliamua kuwaonyesha somo lake la vizimba viwili. Mwezi huo huo mwenye kinu alinunua injini mpya ya dizeli, kubwa, ambayo ilitetemesha hata vikombe vyetu. Mzee alilalamika kidogo, mwenye kinu akacheka, wakaendelea kunywa chai.

Na mwezi huo huo mimi nilikuwa na choa.

Ilianza Masara, kwenye maji machafu ya kusafishia mchanga wa dhahabu, duara moja kwenye kifundo cha mkono. Nilinunua tyubu sokoni Migori. Siku mbili tu, wekundu ukaisha, muwasho ukaisha. Nikiacha kupaka, inarudi kubwa zaidi, nikipaka, inatulia. Kufikia mwezi ule ilikuwa imepanda mikono yote miwili, na nilikuwa napaka kila siku. Sikumwambia mzee. Ningemwambiaje? Nani angemwachia mtu mwenye kuvu mikononi awashike panya wake? Nilivaa mikono mirefu na kunyamaza.

Sheria yake ya mikono niliifuata. Kabla ya kugusa kizimba nilinawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, nikajikausha. Ila mimi ni mtoto wa mama yangu. Kwetu mtu akinawa hujipaka mafuta; huwezi kutembea na ngozi iliyopauka kama mjusi, watu watasema kwenu hakuna mama. Nami nilikuwa na choa juu yake. Kwa hiyo kila asubuhi nilinawa kama nilivyofundishwa, kisha nikapaka tyubu yangu kama nilivyolelewa, kisha nikaingia kuwapima uzito panya wa kizimba cha pili, mmoja mmoja, kiganjani. Glavu zilikuwa chache, zilitunzwa kwa ajili ya wanafunzi. Na panya ukimrudisha kizimbani kitu cha kwanza anachofanya ni kujilamba mwili mzima.

Wiki ya tatu panya wa kizimba cha pili walitulia, wakawa wazuri wa kuangalia. Nilifurahi. Mzee hakufurahi. Aliwafungua midomo. Ndimi zilikuwa nyeupe.

Sijamwona mtu akijichunguza vile. Alibadilisha maji. Alibadilisha maranda na chakula. Alizinusa chupa za sindano, akazipeleka dirishani, akashinda siku nzima akijiuliza kama ni yeye aliyezibadilisha kwa uzee, na hiyo kwake ilikuwa aibu kuliko kifo cha panya wote wa Homa Bay. Mwisho alikaa na daftari la uzito, na jioni yake akaniita kwa sauti iliyochangamka. Alinionyesha kwa kalamu. Siku sita za wiki panya wa kizimba cha pili walikuwa wanashuka. Jumapili asubuhi walikuwa wameamka vizuri, wamekula zaidi. Kila wiki.

"Jumamosi kuna nini?" aliniuliza.

Nilisema sijui.

"Jumamosi kinu hakisagi."

Wageni walikuja, wakatazama vizimba viwili vya panya wagonjwa sawasawa, wakashukuru kwa soda, wakaondoka. Nyumba ya wanyama ilifungwa. Mzee alimwandikia chifu barua ya kurasa tatu kuhusu kelele zilizowaua panya na zinazosumbua chuo, na kukawa na kikao mbele ya watu. Mwenye kinu aliamriwa ahamishe injini hadi upande wa pili wa kiwanja, kwa gharama na kwa aibu. Aliposimama kujibu hakumtazama rafiki yake. Alisema tu, "Kinu changu kinalisha watu. Panya zake zinalisha nani?" Watu wakacheka. Mzee wa Panya hakucheka. Pengo la ua likazibwa kwa miba, sikujua na nani kati yao, na mimi nikabeba mkoba wangu kama kawaida yangu.

Nilizunguka. Nilirudi Masara, nikaenda mpakani, nikaishia Kegonga nikinunua mahindi na maharage kwa Wakuria na kuyapeleka sokoni Migori. Tyubu nilikwenda nayo. Kufikia wakati huo choa ilikuwa haina hata umbo la duara, imetawanyika kama ramani, na ngozi ya mikono imekuwa nyembamba, inachubuka kwa kubebea gunia. Muuguzi mmoja wa Kegonga, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikalisha na kutaka kuona ninachopaka. Aliipindua tyubu, akasoma mgongoni. Akatoa mguno. Nilikuwa nimeusikia mguno ule kabla.

"Hii hukuitibu, kijana," aliniambia. "Uliifuga. Umekuwa ukiilaza ngozi yako usingizi ili choa ipate kula vizuri."

Aliendelea kunieleza namna ya kutumia dawa ya kuvu yenyewe, wiki nne bila kuruka, lakini sikuwa namsikia. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha mabati Homa Bay, panya kiganjani, mkono unang'aa. Na nilikuwa nikihesabu siku. Kila Ijumaa jioni nilikuwa naondoka kwenda Migori kwa mama, ambaye ni Msabato, nikae naye Sabato, na kurudi Jumamosi usiku. Jumamosi aliyewahudumia panya alikuwa mzee mwenyewe, na mikono yake haikuwa na kitu zaidi ya chumvi ya njugu.

Kinu kilipumzika Jumamosi. Nami pia.

Choa iliisha. Jambo lile halikuisha. Ningependa kusema nilikwenda siku hiyo hiyo, lakini mimi nimezoea kuondoka, kurudi sijakuzoea. Nilijiambia wazee watakuwa wameshapatana. Halafu sokoni Migori nikakutana na mmoja wa wanafunzi wa zamani, sasa mtu wa maabara na kitambi, na katika mazungumzo akataja kwamba mwenye kinu alilazwa mwezi mzima kwa presha, na Mzee wa Panya, ambaye nyumba yake iko mwendo wa dakika tano, hakwenda kumwona. Alikuwa ametuma ndizi kwa mkono wa mke wake. Ndizi zilirudishwa.

Asubuhi iliyofuata nikaenda Homa Bay.

Nilimkuta uani kwake, amestaafu, amepungua mwili, anapanga njugu juani. Alinitambua kwa mwendo. Alisema nimenenepa na nimechelewa, hakusema nimechelewa nini. Mke wake akaleta kiti. Sikutaka kuanza na habari za njia, kwa kuwa ningeishia hapo hapo. Nilikunja mikono ya shati, nikamwonyesha makovu mepesi, nikamwambia yote: Masara, tyubu, sabuni, mafuta, kizimba cha pili.

Alisikiliza akiwa ameshika njugu moja. Nilingoja hasira. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hasira hiyo.

"Ulipaka kabla ya kunawa, au baada?" aliuliza.

"Baada, Mzee."

"Mikono yote?"

"Yote miwili."

"Ukamshika panya mzima, au kwa mkia?"

"Kiganjani. Ulivyonifundisha."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na daftari. Lilikuwa lile lile, gamba la kijani, limeliwa pembeni na panya ambao hawakuwa wake. Alipitisha kidole kwenye safu za uzito akitikisa midomo. Akafika Jumapili ya kwanza, akaniangalia. Jumapili ya pili, akaniangalia tena. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, na mke wake akakimbia na pampu akidhani ni kifua, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kifua kikabana kweli, akavuta mara mbili, akasukutua, akatema kwenye maua, akacheka tena.

"Jumamosi," alisema. "Mlipumzika siku moja, nyinyi wawili. Na mimi nikamkamata yule mwenye kelele."

Halafu kicheko kikaisha ghafla, akakaa na daftari magotini.

"Panya akinyamaza, mkague mara mbili," alisema, na hakuwa akinisemesha mimi. "Nilikuwa na mtu anavaa mikono mirefu kwenye joto la Homa Bay, ananyamaza. Sikumkagua hata mara moja."

Nikamwambia kosa ni langu. Akasema la mafuta ni langu, la barua kwa chifu ni lake, na tusigawane vibaya. Akamwambia mke wake alete koti jeupe. Mama akamuuliza la nini, jua limewaka, na yeye akajibu kwamba matokeo hayasahihishwi kwa fulana.

Tukaenda, yeye mbele na koti lenye madoa ya zamani, daftari kwapani, chupa mfukoni. Banda la kinu lilikuwa upande wa mbali wa kiwanja, pale lilipohamishiwa. Injini ya dizeli haipo tena. Siku hizi ni mota ya umeme, inavuma kama nyuki. Akina mama walikuwa kwenye foleni na mabeseni yao. Mwenye kinu alikuwa ameegemea fimbo, nyusi nyeupe zaidi, na sasa huwezi kujua upi ni unga na zipi ni mvi. Alimwona mgeni mwenye koti jeupe akadhani ni mkaguzi wa afya, akaanza kutafuta leseni ukutani. Kisha akamjua. Akaiacha leseni.

Mzee wa Panya alifungua daftari, akaliweka juu ya mzani wa mahindi.

"Nimekuja kusahihisha matokeo," alisema, kwa sauti ya darasani, foleni yote isikie, kama kikao kile kilivyosikika. "Niliandika kwamba kinu chako kiliwaua panya wangu. Si kweli. Niliandika mbele ya watu, nafuta mbele ya watu."

Mwenye kinu alitazama daftari ambalo hakuweza kulisoma bila miwani.

"Nani aliwaua?"

"Mafuta ya huyu."

Alinigeukia. Akanitaka ninyooshe mikono, akaigeuza juu chini kama anakagua mahindi yenye ukungu, bila haraka. Nilitamani kuondoka, na kwa mara ya kwanza miguu haikutaka.

"Omera," alisema mwishowe, akimtazama rafiki yake. "Umeniacha nisage miaka hii yote bila mtu wa kutukana. Unajua ni kazi ngumu?"

"Ulirudisha ndizi zangu."

"Zilikuwa mbichi."

"Ziliiva njiani zikirudi."

Mwenye kinu alinyoosha mkono ukutani, akazima mota. Mama wa kwanza kwenye foleni akauliza kwa uchungu kama leo hakuna ugali, na akajibiwa kwamba saa nne ni saa nne, hata kama imechelewa miaka. Jiwe refu lilikuwa bado mlangoni. Alikuwa amelihamisha pamoja na injini, jiwe zito kama lile, na hakuna aliyemwamuru. Mzee wa Panya aliliona, akasimama kidogo, akaketi mwisho wake ule ule wa zamani.

Mwenye kinu alifagia unga wa sakafuni kwenye bati, akamwekea miguuni.

"Wa panya."

"Sina panya tena."

"Basi kula mwenyewe, umekonda."

Birika likaletwa, vikombe vitatu. Nikanyoosha mkono nimimine, ndiyo kazi ya mdogo. Mzee wa Panya akanishika kifundo, pale pale choa ilipoanzia, akakitazama mara moja, kisha akakigeuza akakitazama mara ya pili.

"Nenda unawe kwanza," alisema. "Na usipake kitu."